Msongamano wa Herufi na Kasi ya Kusoma Kiswahili: Mazoezi ya Jicho Yana Mpaka

Katika tathmini ya kitaifa ya stadi za KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) ya mwaka 2013, mojawapo ya vipimo vya usomaji wa mtoto wa Darasa la Pili ilikuwa idadi ya maneno aliyoyasoma sahihi kwa dakika. Kipimo hicho bado kinatawala mijadala yetu, na mtoto asiyefikia hesabu huagiziwa mazoezi zaidi. Wapo sasa wanaoutetea ushauri huo kwa ushahidi wa maabara za ubongo: jicho likizoeshwa herufi zilizobanana, wanasema, kasi ya kusoma itapanda. Ninaona wamerukia hitimisho.

Jambo lenyewe, yaani msongamano wa herufi, halina ubishi mkubwa. Mwaka 1970 Herman Bouma alionyesha kwamba herufi inayoonekana kwa pembeni ya jicho haitambuliki vizuri jirani zake wakiwa karibu mno, yaani ndani ya takriban nusu ya umbali kati ya herufi hiyo na mahali jicho linapotazama. Herufi inaweza kuwa kubwa vya kutosha na bado ikapotea. Denis Pelli na wenzake walieleza mwaka 2007 kwamba kasi ya kusoma hutegemea idadi ya herufi zinazosalimika na msongamano huo kila jicho linapotua.

Tumfikirie mtoto wa Ngonga, wilayani Kyela, aliyekulia katika Kinyakyusa. Urefu wa neno haumsumbui masikioni, kwa kuwa Kinyakyusa nacho hupachika viambishi kwenye mzizi. Ugumu uko kwenye karatasi. Katika Kiswahili anachosomeshwa, "Tulipowatembelea" ni neno moja lenye herufi 16. Mwingereza husema jambo hilohilo kwa maneno manne yenye herufi 17, na nafasi tatu zilizo katikati yake zinazipunguzia herufi jirani wa kuzisonga. Wetu hapati nafuu hiyo, kisha anahesabiwa neno moja pale mwenzake anapohesabiwa manne. Kulinganisha wasomaji wa Kiswahili na wa Kiingereza kwa maneno kwa dakika ni kumdhulumu mmoja wao.

Je, mazoezi hayawezi kuuondoa msongamano? Hapa ndipo ushahidi unapohitaji kusomwa hadi mwisho. Mwaka 2004 Susana Chung na wenzake waliwafunza watu kutambua herufi kwa pembeni ya jicho, na kasi yao ya kusoma kwa sehemu hiyo ikapanda kwa wastani wa asilimia 41. Matokeo hayo hunukuliwa sana. Mwaka 2007 Chung aliuliza swali lililo karibu zaidi na hoja yetu: tukiufanyia mazoezi msongamano wenyewe, itakuwaje? Utambuzi wa herufi zilizobanana uliongezeka kwa asilimia 88, na eneo la msongamano likapungua kwa asilimia 38. Kasi ya juu kabisa ya kusoma ilipanda kwa asilimia 7.2 tu, na Chung mwenyewe akakiri kwamba kupungua kwa msongamano hakukuleta usomaji wa haraka. Anayenukuu utafiti wa kwanza na kuuacha wa pili anatoa nusu ya habari.

Ubongo nao hubadilika. Mwaka 2019 watafiti wa Beijing waliripoti kwamba mafunzo yalipunguza msongamano pamoja na upana wa eneo linalohudumiwa na seli za sehemu ya ubongo iitwayo V2. Ni ugunduzi mzito. Hata hivyo walipima mwelekeo wa mistari, si aya za kitabu cha Darasa la Pili, na picha ya ubongo haiwezi kuziba pengo ambalo kipimo cha kusoma kimeliacha wazi. Stanislas Dehaene na wenzake, waliopima watu wazima 63 wa Brazili na Ureno mwaka 2010, walikuta kwamba kujifunza kusoma hubadili ubongo hata kwa aliyeanza ukubwani. Zoezi lililofanya kazi pale lilikuwa kusoma kwenyewe.

Anayechambua mchele Kyela ana jicho lililozoea, na bado huutandaza kwenye ungo kwanza. Marco Zorzi na wenzake walifanya hivyo kwa herufi mwaka 2012: watoto 74 wa Italia na Ufaransa wenye disleksia walipewa matini yenye nafasi pana kati ya herufi, na bila mafunzo yoyote usahihi wao uliongezeka maradufu, kasi ikapanda kwa zaidi ya asilimia 20. Watoto wasio na disleksia hawakufaidika, na wapinzani wangu wana haki ya kulitaja hilo. Lakini matini yale hayakuwa ya lugha inayofunga sentensi nzima ndani ya neno moja. Nafasi pana hula karatasi zaidi, lakini kitabu kisichosomeka ni ghali zaidi.

Taasisi ya Elimu Tanzania ichapishe kitabu kimoja cha Darasa la Pili kwa nafasi pana, ikijaribu katika shule za Ngonga na kwingineko, na usomaji upimwe kwa silabi kwa dakika. Hadi hapo, mtoto anayekwama kwenye neno la herufi 16 asiitwe mzito.