Swali la Mpemba Lilivyowekwa Hadharani

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza, linalowalenga walimu wa fizikia, lilichapisha makala yenye waandishi wawili, ambapo jina lililotangulia lilikuwa la Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi, na la pili la Denis Osborne, mwanafizikia aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam.

Chimbuko lake lilikuwa Shule ya Sekondari Magamba mwaka 1963, Mpemba alipokuwa kidato cha tatu, akaona kwamba maziwa ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa bado moto yaliganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa, na baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akaiita hoja yake fizikia ya Mpemba, yaani isiyo ya ulimwengu wote. Osborne alipofika Mkwawa kutoa mhadhara, kijana huyo aliuliza tena, safari hii kuhusu maji, mbele ya wenzake waliomcheka, naye mgeni, ingawa alikuwa na shaka, aliahidi kulipima jambo hilo na akatimiza ahadi.

Vipimo vya Dar es Salaam vilionyesha kwamba maji yaliyoanza na nyuzijoto 25 za Selsiasi yalichukua muda mrefu zaidi kuanza kuganda kuliko yaliyokaribia nyuzi 90, na kwamba utando wa mafuta juu ya maji, unaozuia joto kupotea kupitia uso wa maji, uliyachelewesha sana kuganda. Hata hivyo, thamani kubwa ya makala hiyo imo katika uamuzi wa kumwachia Mpemba asimulie sehemu yake mwenyewe, pamoja na kejeli alizopata, kwa kuwa hapo msomaji alipewa swali, njia ya kulipima na historia yake, bila kuhitaji maabara ya gharama.

Kwa sababu lilikuwa wazi, swali hilo liliweza pia kupingwa: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza, katika jarida linalosomwa bila malipo, walieleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwa upande wa maji, ilhali mwaka 2020 wanafizikia wa Kanada walionyesha tabia ya namna hiyo katika chembe ndogo zinazoelea majini, na mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana.