Simu Yako Inatumia Sanduku la Posta la Jirani

Wasee, leo tuongee historia, na sio ile ya darasani. Zima Wi-Fi, washa data, kisha uingie kwa mipangilio ya simu uangalie anwani ya IP. Ukiona namba inayoanza na 10, jua hiyo si anwani yako ya intaneti. Ni namba ya ndani ya kampuni ya simu. Huko nje unatumia anwani moja na watu wengi usiowajua.

Waulize wazazi wako. Zamani familia nyingi hazikuwa na sanduku la posta. Barua ilipitia sanduku la shule ya msingi au la kanisa, na mwalimu ndiye alijua ni ya nani. Simu zetu bado zinaishi hivyo. Tulifikaje hapa?

Mwaka wa 1981, IPv4 iliandikwa rasmi. Ilikuwa na biti 32, yaani anwani kama bilioni 4.3. Kompyuta zilizounganishwa wakati huo zilikuwa mamia tu, kwa hivyo hakuna aliyeona shida. Kufikia miaka ya 90 hesabu ilianza kukataa, na Desemba 1995 mainjinia wakatoa IPv6 yenye biti 128. Andika 340 halafu uongeze sufuri 36. Hizo haziishi leo wala kesho.

Shida ni moja: IPv4 na IPv6 haziongei lugha moja. Ukihama peke yako, unajikuta huna wa kuongea naye. Kwa hivyo kila mtu akangoja mwenzake aanze. Wakati wanangoja, wakatumia kiraka cha kuficha watu wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka wa 1996 namba zinazoanza na 10 zilitajwa rasmi kati ya zile ambazo kila kampuni inaweza kutumia ndani kwake. Ziko kama milioni 16.7.

Sasa piga hesabu. T-Mobile ya Marekani ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 30. Hata namba za ndani hazikuwatosha! Halafu Februari 3, 2011, akiba kuu ya dunia ya IPv4 ikagawanywa yote, fungu moja la mwisho kwa kila moja ya sajili 5 za kanda.

Mainjinia wa T-Mobile wakaamua kuipa simu IPv6 peke yake, halafu mitambo ya katikati ya mtandao itafsiri pale inapobidi kuongea na IPv4. Ilifanya kazi, lakini programu zilizojua IPv4 pekee zilikwama. Dawa ilitoka Aprili 2013 na inaitwa 464XLAT. Mmoja wa walioiandika ni Cameron Byrne wa T-Mobile. Simu inageuza IPv4 kuwa IPv6, na mitambo ya katikati inairudisha kuwa IPv4. Programu haijui chochote. Android 4.3 ikaibeba mwaka huo huo. Juni 2016, Apple ikawaambia waundaji kwamba programu isiyofanya kazi kwa mtandao wa IPv6 pekee haitaingia dukani kwake.

Septemba mwaka huo Jio ikaanza India. Ilikuja na 4G tupu, bila mitambo ya zamani ya 2G wala 3G, na ikawapa wateja IPv6 tangu mwanzo. Leo India ni kati ya nchi zinazoongoza duniani kwa IPv6.

Umeona mtindo? Waliohama ni wale waliobanwa. Aliyekuwa na akiba alilala.

Na sisi? Sajili yetu, AFRINIC, iko Mauritius. Afrika ilipata anwani chache kuliko kanda zingine zote, lakini zake ndizo zilichelewa kuisha, na mgao wa kubana ukaanza 2017. Mwaka wa 2019 ikafichuka kwamba anwani za thamani ya mamilioni ya dola zilikuwa zimechepushwa. Kufikia 2021 kulikuwa na kesi, na korti ikafunga akaunti za benki za sajili. Tumekalia kugombania makombo ya IPv4 na sufuria ya IPv6 imejaa.

Mtu atasema, "Buda, si bora tu data iko?" Sikiza. Mtu mmoja wa anwani yenu akiiba kwa gemu, anwani inafungiwa, na wewe unatupwa nje pamoja naye. Ukitaka kuendesha seva yako kwa laini ya simu, huwezi. Mwaka wa 2017 Europol ililalamika kwamba anwani za kushirikiana zinawafanya polisi wachunguze watu wasio na hatia. Na usidanganywe kwamba kujificha hivyo ndiyo usalama. Kinachokulinda ni fayawali, na IPv6 nayo inaitumia.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawa wameziba ufa miaka mingi hadi ukuta umebaki plasta tupu. Kwa hivyo wewe unayejifunza kukodi, jaribu programu yako kwa IPv6 pekee kabla ya kuitoa. Na sisi wateja, tuulize kampuni zetu swali moja hadharani: laini yangu itapata IPv6 lini?