Kuusoma Moyo Jichoni

Retina, utando mwembamba ulio nyuma ya jicho, ni mojawapo ya mahali pachache mwilini ambapo mishipa midogo ya damu inaweza kutazamwa moja kwa moja bila kupasua chochote. Damu yake hutoka moyoni, hupanda kwa mshipa mkubwa wa shingo, huingia katika ateri ya jicho, kisha hugawanyika katika vijitawi vyenye unene wa takribani sehemu moja ya kumi ya milimita. Shinikizo la juu la damu, kisukari na sigara, vinavyoharibu mishipa ya moyo na ya ubongo, huacha alama zake hapo pia. Waliojifunza kuzisoma alama hizo kwanza walikuwa madaktari wa macho. Wenzao wa moyo walikuja kuzihitaji baadaye.

Kwa karne nyingi mboni ilionekana kama shimo jeusi tu. Mwanga unaoingia jichoni hurudi kwa njia ileile uliyopitia, kwa hiyo anayetaka kuuona angelazimika kuweka kichwa chake palepale palipo taa, na kichwa hicho kingeiziba taa. Mwaka 1850 Hermann von Helmholtz, mwalimu wa fiziolojia mwenye umri wa miaka 29 katika chuo kikuu cha Königsberg, alikuwa akitayarisha somo kuhusu jambo hilo alipogundua kuwa fumbo lina jibu jepesi. Alisimamisha vipande vya kioo chembamba kwa mshazari na kuweka taa ubavuni. Kioo kikaupeleka mwanga ndani ya jicho la mgonjwa, naye akachungulia kupitia kioo hichohicho. Chombo chake cha kwanza kilikuwa cha kadibodi, gundi na lenzi, lakini kilitosha kumwonyesha mishipa ya retina ya mtu aliye hai. Kijitabu chake kilitoka mwaka 1851. Miaka michache kabla, mnamo 1847, Charles Babbage alikuwa ametengeneza chombo cha namna hiyo huko London na kumwonyesha daktari wa macho. Daktari huyo hakukitilia maanani, nacho kikasahaulika.

Kisa cha kwanza kilichounganisha jicho na moyo waziwazi kiliandikwa na Albrecht von Graefe wa Berlin mwaka 1859. Mgonjwa alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja ghafla, na pia alikuwa na uvimbe wa utando wa ndani ya moyo. Von Graefe alieleza kuwa bonge lilitoka moyoni, likasafiri na damu na kuziba ateri ya retina. Chanzo cha upofu huo hakikuwa jichoni.

Mwaka 1892, na tena 1898, Marcus Gunn wa London alieleza alama ambayo bado inafundishwa vyuoni. Pale ateri inapopita juu ya vena, mishipa hiyo hushikana kwa utando mmoja. Ukuta wa ateri ukikakamaa na kunenepa, huibana vena hadi ionekane kama imekatika. Inafaa kukumbuka kwamba kipimo cha shinikizo la damu kinachofungwa mkononi kilianzishwa na Scipione Riva-Rocci mwaka 1896. Gunn alikuwa akiyaona madhara ya shinikizo la juu la damu wakati madaktari wengi hawakuwa na njia ya kulipima.

Picha nazo zilichelewa. Ile ya Jackman na Webster ya mwaka 1886, miongoni mwa za kwanza za retina ya binadamu, ilimtaka mtu akae bila kutikisika kwa dakika mbili na nusu. Kamera ya kufaa kwa kazi ya kila siku ilipatikana mwaka 1926, ilipotengenezwa na kampuni ya Zeiss kwa usanifu wa Nordenson wa Sweden.

Mwaka 1939 Keith, Wagener na Barker wa Mayo Clinic, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 219 wa shinikizo la damu, wakiwa wamewagawa katika makundi manne kwa kutazama macho yao. Baada ya miaka mitatu, asilimia 70 ya kundi la kwanza walikuwa hai. Katika kundi la nne, ambamo chanzo cha neva ya jicho kilikuwa kimevimba, walibaki asilimia 6. Dawa za kutegemewa za kushusha shinikizo zilikuwa bado hazijapatikana, kwa hiyo daktari aliyechungulia jicho la mgonjwa wake aliweza kujua atakavyoishia pasipo uwezo wa kumwokoa.

Hadi hapo kilichoonekana ni mishipa. Mwendo wa damu yenyewe haukuonekana. Wanafunzi wawili wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, Harold Novotny na David Alvis, ndio walioukamata. Walidunga mkononi rangi iitwayo floresini, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hung'aa kijani, kisha wakapiga picha za jicho mfululizo. Baada ya sekunde chache rangi hujitokeza katika ateri za retina, huenea katika vishipa vidogo kabisa, halafu hurudi kwa vena. Mshipa uliozibwa hubaki gizani, na ule unaovuja hujitangaza. Jarida la macho liliikataa makala yao. Iliyoichapisha, mwaka 1961, ni Circulation, jarida la Chama cha Moyo cha Marekani. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kuliko wahusika walivyoweza kujua wakati ule, kwani kilichokuwa kimepigwa picha ni mzunguko wa damu.

Mwaka huohuo Robert Hollenhorst wa Mayo Clinic alieleza vipande vinavyometameta ndani ya ateri za retina. Vilikuwa chembe za lehemu zilizomeguka kutoka kwenye mishipa ya shingo iliyochakaa, na aliye nazo alikuwa na sababu ya kuhofia kiharusi.

Kupima kasi ya damu kulihitaji leza. Mwanga ukigonga chembe inayokwenda, hurudi ukiwa umebadilika kidogo, na kadiri ya badiliko hilo hufuata kasi ya chembe. Charles Riva na wenzake walitumia kanuni hiyo katika macho ya sungura mwaka 1972, na miaka miwili baadaye katika macho ya watu. Mbinu nyingine, tomografia ya mwanga, ilitangazwa mwaka 1991 na watafiti wa Massachusetts. Ilipoendelezwa katika muongo wa 2010 iliweza kuchora ramani ya mishipa bila sindano wala rangi: mashine hupiga picha za sehemu ileile mara kadhaa kwa haraka, na kinachobadilika kati ya picha moja na nyingine ni damu inayotembea.

Picha za kawaida nazo ziligeuzwa namba. Katika utafiti mkubwa wa Marekani ujulikanao kama ARIC, ateri na vena za maelfu ya watu zilipimwa upana kwa kompyuta. Matokeo ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa wanawake wenye ateri nyembamba walipata maradhi ya moyo zaidi. Kwa wanaume uhusiano huo haukuonekana. Tofauti hiyo iliwatuma watafiti wafikirie upya nafasi ya mishipa midogo katika moyo wa mwanamke.

Mwaka 2018 watafiti wa Google waliifunza programu ya akili mnemba kwa picha za watu 284,335. Kwa picha ya retina pekee ilikisia umri kwa kukosea wastani wa miaka 3.26, ikatambua jinsia kwa usahihi mkubwa, jambo ambalo hakuna daktari wa macho aliyewahi kuliweza. Kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi ndani ya miaka mitano, ilipopewa watu wawili, mmoja aliyepatwa na mwingine aliyesalimika, ilimtaja yule wa kwanza mara 70 kati ya 100. Kipimo cha kawaida cha Ulaya, kinachotumia vigezo kama umri, sigara na shinikizo la damu, kilipata 72. Watafiti waliiagiza programu ionyeshe ilikuwa ikitazama wapi ilipokisia shinikizo la damu. Iliangaza mishipa.