Usiku wa Dunguni

Siku ile nilikuwa nafundisha darasa la nne kuhusu usingizi. Nilichora saa ya mishale ubaoni, nikaandika kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila siku. Hesabu hiyo niliitoa kwenye mwongozo wa mwaka 2016 wa madaktari wa usingizi wa Marekani, na sikatai, nilijivunia kuwa nayo. Nilipogeuka, mvulana mmoja wa dawati la tatu alikuwa amelala fofofo, shavu juu ya daftari. Darasa likaangua kicheko. Nikamsimamisha ukutani hadi kengele ilipolia.

Nilimuuliza wakati wa mapumziko, badala ya kumuuliza mwanzo. Siku za soko huamka saa tisa usiku. Yeye hutangulia na tochi, mama yake nyuma na mkungu wa ndizi kichwani, wakishuka Uluguru mpaka Morogoro mjini ili wawahi wachuuzi. Kisha anakuja shule. Alinieleza bila kinyongo, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Nikapiga hesabu. Anayeamka saa tisa usiku, ili apate hizo saa 9, inabidi awe amelala saa kumi na mbili jioni. Saa hiyo kwao hata moto haujakokwa.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Matombo kumwona bibi yangu, mzaa mama, nikamsimulia. Hakucheka. Aliuliza, "Ulimchapa?"

"Hapana bibi. Nilimsimamisha tu."

"Sisi tulichapwa," akasema, akaanza kunieleza habari za dungu.

Dungu ni kichanja cha miti chenye paa la nyasi, kinachojengwa shambani ili mtu akae juu na kuamia mazao. Mchana adui ni nyani na ndege. Usiku ni nguruwe pori, ambao wakiingia kundi zima wanamaliza mahindi ya familia kabla jogoo hajawika. Bibi alilala dunguni akiwa na miaka kumi na mmoja, yeye na kaka yake, kwa zamu: mmoja anapiga debe, mwingine anasinzia. Moto waliuwasha chini, moshi ukawafukuzia mbu. Kazi ile ilikuwa ya mjomba na mama. Mwaka ule iliangukia watoto, kwa sababu wakubwa walikuwa hawajiwezi kwa uchovu.

Mwaka ule ulikuwa 1955, na uchovu ule una historia yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza ilikuwa imeleta mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Maofisa waliogopa mmomonyoko wa udongo, na hofu yao haikuwa ya bure, maana maji ya mto Ruvu, tegemeo la Dar es Salaam, yanaanzia milima hii. Lakini dawa waliyoleta ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe kwa jembe la mkono, kwa amri, na asiyechimba alipe faini. Kwenye miteremko yenye udongo mwembamba, kuchimba ngazi ni kuufukia udongo wenye rutuba na kuutoa juu ule usiozaa kitu. Watu waliona mavuno yakipungua, wakasema, wakaitwa wavivu. Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kupinga. Ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Muda mfupi baadaye mpango ukaachwa.

Vitabu vya historia vinaishia hapo, kwenye TANU iliyopata wafuasi wengi milimani. Bibi yeye haanzii na risasi. Anaanzia na mama yake kurudi kwenye matuta jioni, akakaa kizingitini na kusinzia kabla ya kuvua khanga yenye tope.

Ni rahisi kudhani zamani watoto walilala vizuri kwa kuwa hapakuwa na simu. Mwaka 2017 watafiti, wakiwemo Watanzania, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wahadzabe 33 wazima karibu na Ziwa Eyasi kwa siku 20. Muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Daima kulikuwa na aliye macho, na watafiti wanaona huenda ndiyo iliyokuwa ulinzi wa binadamu tangu kale. Nikamweleza bibi. Akasema hilo halihitaji Ziwa Eyasi, kila mwenye shamba analijua. Swali ni nani anapewa zamu.

Nilipokutana na mama wa yule mvulana sokoni, nilikuwa na hotuba yangu tayari. Aliniamkia, akaniita mwalimu, akanisikiliza mpaka mwisho huku akipanga ndizi.

"Ni kweli mwalimu. Sasa akilala yeye, mimi nashuka na nani gizani?"

Hotuba yangu haikuwa na ukurasa huo. Tulisimama pale tukizungumza mpaka jua likawa kali. Tulichokubaliana ni kidogo: siku za soko, akishafika shule, anakwenda moja kwa moja kwenye stoo ya vitabu, kwenye mkeka nilioutoa nyumbani, analala vipindi viwili vya kwanza. Daftari la mahudhurio linaonyesha yupo. Mchana namrudishia hesabu alizokosa.

Mwalimu mkuu bado sijamwambia.