Futi Saba: Siku ya Kazi katika Mifereji ya Uingereza

Mifereji ya Uingereza husifiwa leo kwa utulivu wake. Watalii hukodi mashua nyembamba, wakasafiri kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na kuuita mwendo huo mapumziko. Kwa familia zilizofanya kazi juu ya maji hayo katika karne ya 19, mwendo uleule ulikuwa na maana nyingine. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini mwendesha mashua alilipwa kwa shehena iliyofika, si kwa siku alizokaa njiani. Kila saa iliyopotea ilipunguza riziki yake.

Ugumu wa siku hiyo ulianzia kwenye kipimo. Mwaka 1761 mfereji wa Mtawala wa Bridgewater ulianza kupeleka makaa ya mawe kutoka Worsley hadi Manchester, na bei ya makaa mjini humo ikashuka kwa takriban nusu. Mhandisi wake, James Brindley, baadaye alipewa kazi kubwa zaidi: kuunganisha mito ya Trent na Mersey. Nchi ile ina vilima, na mashua haipandi kilima ila kwa malango ya maji, yaani vyumba vya mawe au matofali vyenye milango mbele na nyuma, ambamo maji hujazwa au kupunguzwa ili chombo kipande au kishuke. Mengi ya malango hayo Brindley aliyapa upana wa futi 7 hivi, na urefu wa zaidi kidogo ya futi 70. Lango jembamba lilitumia maji machache, na mashua nyembamba ilihitaji handaki dogo. Kampuni iliokoa fedha. Walioziendesha mashua ndio waliokuja kuishi ndani ya kipimo hicho.

Siku ilianza kabla ya mapambazuko, kwa kumlisha farasi na kumvika hatamu. Farasi mmoja aliweza kukokota tani 25 hivi. Kazi ngumu ilikuwa kuiondoa mashua iliyosimama, na kila lango liliisimamisha. Mmoja wa familia, mara nyingi mtoto, alitangulia kuliandaa lango la mbele. Likikutwa limejaa wakati mashua inapanda, ilibidi maji yatolewe kwanza, mashua iingie, kisha lijazwe upya. Vizibo vilifunguliwa kwa mkono wa chuma, na milango mizito ikasukumwa kwa mgongo. Huko Tardebigge, kusini ya Birmingham, malango 30 hufuatana katika mwendo usiofika kilomita 4, yakiipandisha mashua mita 67 hivi.

Mahandaki nayo yalikuwa na mateso yake. Lile la Harecastle, lililofunguliwa mwaka 1777 katika Staffordshire, lilikuwa na urefu wa zaidi ya kilomita 2.5 bila njia ya farasi. Farasi alipitishwa juu ya kilima, na ndani ya giza wanaume walilala chali wakizikanyaga kuta kwa miguu ili mashua isogee. Kuvuka kulichukua takriban saa 3. Kwa kuwa mashua hazikuweza kupishana humo, waliofika zamu ikiwa ya upande wa pili walingoja. Handaki la pili, lenye njia ya farasi, lilijengwa kando yake na Thomas Telford na kufunguliwa mwaka 1827.

Kisha ikaja reli, na malipo ya kusafirisha mizigo yakashuka. Waendesha mashua wengi hawakumudu tena ujira wa msaidizi pamoja na kodi ya nyumba. Wakawahamishia mke na watoto chomboni. Chumba cha nyuma kilikuwa na urefu wa futi 10 hivi, na upana wake uliamuliwa na malango ya Brindley. Humo mlikuwa na jiko, kitanda cha kukunja na familia nzima. Kazi ya mke na watoto haikuwa na mshahara wake, lakini ndiyo iliyoziwezesha mashua kushindana na treni.

George Smith wa Coalville aliipigia kelele hali hiyo, na Bunge likapitisha sheria mwaka 1877, ikaongezewa nguvu mwaka 1884. Mashua ziliandikishwa na kukaguliwa, idadi ya wakaaji ikawekewa mpaka, na watoto wakatakiwa kusoma. Lakini shule ilibaki mahali pamoja, na mashua iliondoka mara shehena ilipopakiwa. Sheria iliwahesabu watu waliomo chumbani. Haikuyagusa malipo yaliyowafanya waingie humo.

Katika majira ya baridi ya 1962 na 1963 mifereji iliganda kwa wiki nyingi. Mashua zilikwama, na wateja wakahamia barabarani. Mwaka huohuo shirika la umma lililomiliki mifereji liliacha sehemu kubwa ya uchukuzi wake wa mashua nyembamba. Msomaji anayeishi Birmingham anaweza bado kuona, kwenye pembe za madaraja ya zamani, mifuo iliyochimbika katika chuma na matofali. Imechimbwa na kamba za kukokotea, zilizolowa maji na kushika mchanga, zikipita hapo kila siku kwa miaka mingi.