Mchezaji wa Akiba katika Raga: Historia ya Kanuni Iliyozaliwa na Majeraha

Tangu Uskoti na Uingereza zilipokutana mjini Edinburgh mwaka 1871 katika mechi ya kwanza ya kimataifa ya raga, na kwa karibu karne nzima iliyofuata, timu ya taifa iliyopoteza mchezaji kwa jeraha ilitakiwa kumaliza mchezo kwa watu waliobaki. Leo timu hiyohiyo huwa na wachezaji 15 wa kuanza na 8 wa akiba, na kocha anaweza kuwaingiza wote kabla ya kipenga cha mwisho. Kati ya hali hizo mbili kuna historia ndefu ambayo kiini chake ni swali moja: mchezaji anapotolewa nje, je, hutolewa ili mwili wake ulindwe, au ili timu yake ipate nguvu mpya?

Katika zama za ridhaa, yaani wakati ambapo mchezaji hakulipwa kwa kucheza, katazo hilo lilitetewa kwa hoja mbili. Ya kwanza ilihusu maadili, kwa kuwa kustahimili maumivu kulihesabiwa kuwa sehemu ya mchezo wenyewe. Ya pili ilihusu udanganyifu, kwani ilihofiwa kwamba ruhusa ikishatolewa, mchezaji aliyechoka angejifanya ameumia ili mwenzake mwenye nguvu achukue nafasi yake. Gharama ya msimamo huo ilionekana mjini Wellington mwaka 1950, New Zealand ilipocheza na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza, Uskoti, Wales na Ireland. Baada ya Johnny Simpson kuumia na kushindwa kuendelea, nahodha Ron Elvidge naye aliumia, akatoka kutibiwa, kisha akarudi uwanjani akiwa bado majeruhi na kufunga trai, yaani kuuweka mpira chini ndani ya eneo la goli la wapinzani, katika mechi ambayo New Zealand ilishinda kwa pointi 6 dhidi ya 3. Huo ulikuwa ushujaa wa kweli, lakini ulikuwa pia zao la sheria iliyomnyima majeruhi njia yoyote ya kupumzika bila kuwaachia wenzake mzigo.

Mwaka 1968 Bodi ya Kimataifa ya Raga ililegeza msimamo kwa tahadhari kubwa: kila timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji wasiozidi 2, mradi daktari athibitishe kwamba aliyeumia hawezi kuendelea. Juni ya mwaka huo, mjini Pretoria, Barry John wa Wales alivunjika mtulinga akiichezea Lions dhidi ya Afrika Kusini, na Mike Gibson wa Ireland akaingia badala yake, akawa mchezaji wa akiba wa kwanza katika raga ya kimataifa. Mapema mwaka 1969 utaratibu huo ulifika katika Mashindano ya Mataifa Matano, Ian McCrae wa Uskoti alipochukua nafasi ya Gordon Connell dhidi ya Ufaransa. Kanuni yote ilitegemea neno la daktari, na hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wake, kwa maana aliyesimama kando ya uwanja hakuwa na kipimo cha haraka cha kumpinga mchezaji anayelalamikia msuli.

Agosti 1995, katika mkutano wa Paris, raga ilifunguliwa rasmi kwa malipo, na mwaka uliofuata mabadiliko ya kimbinu yakaruhusiwa, yaani kocha akapewa haki ya kumtoa mchezaji mzima kwa sababu za mchezo tu. Hofu ya udanganyifu ilipungua kwa sehemu, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya kusingizia jeraha, lakini swali la awali halikupata jibu. Lilihamia kwenye mazingira maalumu ambayo sheria iliendelea kuyatenga.

Mazito kuliko yote yalikuwa ya safu ya mbele, yaani wachezaji watatu wanaotangulia katika skramu, ambamo wachezaji 8 wa kila timu hufungamana na kusukumana wakigombea mpira. Shingo na uti wa mgongo wa watatu hao hubeba shinikizo kubwa, hivyo asiyefunzwa kazi hiyo haruhusiwi kuifanya, na timu yenye wachezaji 23 hulazimika kuwa na 6 wanaoimudu. Wakikosekana, skramu hufanywa bila kusukumana, jambo linaloweza kuisaidia timu dhaifu, na kwa sababu hiyo sheria ikaweka adhabu. Mjini Dublin, Februari 2022, Italia ilimpoteza Gianmarco Lucchesi kwa jeraha, kisha Hame Faiva aliyeingia badala yake akapewa kadi nyekundu. Kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa nafasi hiyo, Italia ililazimika kumtoa mchezaji mwingine tena na kubaki na watu 13, na Ireland ikashinda 57 kwa 6. Kanuni iliyotungwa kulinda shingo za wachezaji na kuzuia hila iliiadhibu timu isiyokuwa na hila yoyote.

Mazingira ya pili ni damu. Mchezaji anayetoka damu hutolewa kwa muda ili atibiwe, na anayeshika nafasi yake anaweza kuwa mtu aliyekwisha kutolewa kwa mbinu. Mlango huo ulitumiwa vibaya Aprili 2009, katika robo fainali ya Kombe la Heineken kati ya Harlequins na Leinster, pale Tom Williams wa Harlequins alipotafuna kidonge cha damu bandia ili Nick Evans, mpiga mateke, arejee uwanjani. Leinster ilishinda 6 kwa 5, na uchunguzi uliofuata ukamfungia kocha wa Harlequins, Dean Richards, miaka 3.

Mazingira ya tatu ni kichwa. Jaribio la mwaka 2012 lilitoa dakika 5 za kumpima aliyeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo, lakini mwaka 2013 mjini Sydney George Smith wa Australia, aliyetoka akiyumba baada ya kugongana vichwa, alifaulu kipimo na kurudi kucheza, jambo lililozua lawama nyingi. Baadaye muda uliongezwa hadi dakika 10, na utaratibu ukaimarishwa.

Wakati huohuo benchi limekuwa silaha. Afrika Kusini ilitwaa Kombe la Dunia mwaka 2019 kwa kutegemea wasukumaji, yaani wachezaji wa skramu, walioingizwa wapya kipindi cha pili, na katika fainali ya 2023 iliweka wasukumaji 7 kati ya wachezaji 8 wa akiba, ikaishinda New Zealand 12 kwa 11. Hakuna sheria iliyovunjwa, na ubunifu huo unastahili heshima. Hata hivyo, miili mikubwa isiyochoka inapogongana na iliyochoka, ruhusa iliyotolewa mwaka 1968 kwa ajili ya majeruhi inaweza yenyewe kuongeza majeraha. Kwa hiyo mjadala wa leo kuhusu idadi ya wachezaji wa akiba haupaswi kuamuliwa kwa hesabu za ushindi peke yake, bali kwa kipimo kilichoizaa kanuni hii, nacho ni usalama wa mwili wa mchezaji.