Dawa iliyopunguza kanseri ya wazee ikagandisha damu yao

MONGBWALU – Kanseri ya prostati inawashika hasa wanaume waliokwisha kupita miaka 50, na wengi kwetu wanaificha mpaka mkojo unakataa kabisa kutoka. Historia ya dawa zake inafaa kujulikana, mjini hata katika kambi za wahami, maana ndani yake kuna hatari ambayo mgonjwa anapaswa kuelezwa mapema.

Mwaka wa 1941, huko Chicago, Marekani, munganga Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges walionyesha kwamba kanseri hiyo inalishwa na homoni ya kiume. Ukiondoa korodani kwa upasuaji, au ukimpa mgonjwa homoni ya kike, yaani estrojeni, kanseri inanywea na maumivu ya mifupa yanapungua. Kidonge cha estrojeni kilikuwa tayari: stilbestroli, iliyotengenezwa na Charles Dodds wa London mwaka wa 1938. Bei yake ilikuwa ndogo. Wazee walioogopa kisu (na nani angewalaumu?) wakakimeza. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966.

Mwaka uliofuata, habari nyingine ikatoka. Hospitali za askari wastaafu wa Marekani zilikuwa zimewagawa wagonjwa katika makundi tangu 1960, zikahesabu vifo vyote, si vya kanseri peke yake. Waliomeza miligramu 5 kila siku walikufa wachache zaidi kwa kanseri, lakini wengi zaidi kwa moyo na mishipa ya damu. Bila hesabu ile, kila familia ingalisema tu: mzee alikuwa na miaka mingi, moyo ulichoka. Baadaye ilionekana kwamba miligramu 1 inazuia kanseri karibu sawasawa, na hatari inapungua.

Sababu iko katika ini. Dawa ikimezwa inapita kwanza hapo, na ini linaongeza vitu vinavyogandisha damu. Donge linafanyika katika mshipa wa mguu. Likichomoka linapanda hadi mapafuni, na mtu anaweza kufa kwa dakika chache. Kanseri yenyewe inaongeza hatari hiyo, na kukaa muda mrefu bila kutembea vilevile. Mzee wa namna hiyo anayekimbia vita, akikaa siku nzima juu ya lori, anabeba zote tatu.

Kuanzia miaka ya 1980, sindano za kuzuia homoni ya kiume zilichukua nafasi ya vidonge katika nchi tajiri, lakini ni za bei kali. Waingereza wakajaribu tena estrojeni kwa plasta ya kubandika kwenye ngozi, ili dawa isipite kwanza kwenye ini. Matokeo ya 2021, kwa wanaume zaidi ya 1,600, yalionyesha magonjwa ya moyo na mishipa hayakuzidi yale ya sindano. Upasuaji wa korodani nao bado unafanyika Afrika: unalipwa mara moja, wala hauna hatari hii ya kidonge.

Anayeandikiwa vidonge vya estrojeni amwambie munganga kama aliwahi kupata donge la damu, ugonjwa wa moyo au kiharusi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla na kifua kuchoma, apelekwe hopitali siku ileile, asingoje kesho.